Kuzunguka Mashariki ya Marekani kwa Boti Pamoja na Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu familia yetu irejee kutoka safari hii, maswali yaleyale yamekuwa yakitufikia kutoka kwa ndugu na jamaa walioko Minneapolis, Toronto, Houston na hata Mombasa, na mengi huanza kwa kutaka kujua ujasiri tuliutoa wapi. Ujasiri ni sehemu ndogo sana ya jambo lenyewe. Safari hii huamuliwa na kalenda, na kimo cha daraja moja la reli, na karatasi za uhamiaji, na familia inayoyapanga hayo matatu kabla ya kununua chombo huwa imeshamaliza kazi ngumu kuliko zote. Majibu yafuatayo yamekusudiwa hasa familia zinazozungumza Kiswahili zinazoishi Marekani.

Njia yenyewe inapita wapi?

Wenyeji huiita Great Loop, nasi hapa tutaiita Mzunguko Mkuu. Ni duara la maji lenye urefu wa takriban maili 6,000, yaani karibu kilomita 9,700, ingawa hurefuka au kufupika kulingana na michepuko anayoichagua msafiri. Anayeanzia Florida hupanda kaskazini kwa njia ya maji ya ndani inayofuata pwani ya Atlantiki hadi Norfolk, Virginia, akavuka Ghuba ya Chesapeake, akatokea New York na kuingia Mto Hudson. Kutoka hapo hukata kuelekea magharibi kwa mifereji hadi kwenye Maziwa Makuu ya Amerika, akateremka Ziwa Michigan mpaka Chicago, kisha akafuata mito ya Illinois, Mississippi, Ohio na Tennessee, na mfereji wa Tennessee-Tombigbee, hadi Mobile, Alabama, ambako maji matamu hukutana na Ghuba ya Meksiko. Baada ya hapo hubaki kurudi Florida na kufunga duara.

Je, ni lazima kupita bahari ya wazi?

Ndiyo, lakini kwa vipande vichache. Kati ya Manasquan, New Jersey, na Sandy Hook, kwenye mlango wa bandari ya New York, hakuna njia ya ndani, kwa hiyo kila chombo hutoka baharini kwa saa kadhaa. Kipande cha pili ni kuvuka pembe ya Ghuba ya Meksiko kutoka Carrabelle, Florida, hadi Tarpon Springs au bandari za jirani, safari ya takriban maili 170 ambayo boti za mwendo wa pole huifanya usiku kucha, na ambayo boti zenye kasi huigawa kwa kufuata pwani mchana. Mahali hapa pawili hapahitaji ustadi wa ajabu, panahitaji kungoja. Familia inaweza kukaa Carrabelle wiki nzima ikitazama utabiri wa upepo, na hiyo haihesabiwi kuwa ni kuchelewa.

Tuanze mwezi gani, na tuzunguke kuelekea upande gani?

Karibu wote huzunguka kinyume na mwendo wa saa, kwa sababu hivyo ndivyo mkondo wa Illinois na Mississippi unavyowasaidia badala ya kuwapinga. Kalenda nayo imejipanga yenyewe: majira ya baridi Florida, majira ya kuchipua kwenye pwani ya Atlantiki, majira ya joto kwenye mifereji na maziwa, na majira ya kupukutika kwa majani kwenye mito ya kusini. Mfereji wa Erie hufunguliwa kwa kawaida katikati ya Mei, na njia ya Trent-Severn ya Kanada hufunguliwa katika mwezi huohuo na kufungwa Oktoba, hivyo hakuna faida ya kukimbilia New York mwezi Aprili. Kwa upande mwingine, wengi hutaka wawe wameondoka Chicago katika mwezi wa Septemba, kabla ya dhoruba za vuli kulitibua Ziwa Michigan.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kampuni nyingi za bima huandika kwenye mkataba mstari ambao chombo hakiruhusiwi kuuvuka kuelekea kusini kabla ya tarehe fulani. Mkataba huo usomwe kabla ya kutia saini, si mkiwa tayari Alabama. Vilevile muulizie matengenezo ya malango ya maji: mwaka 2020 na tena mwaka 2023, baadhi ya malango ya Mto Illinois yalifungwa kwa miezi kadhaa ya majira ya joto, na waliokuwa na tarehe ya kurudi kazini walijikuta wakipakia boti zao kwenye malori.

Boti ya namna gani inafaa kwa familia?

Karibu na Lemont, kusini-magharibi mwa Chicago, kuna daraja la reli lisilofunguka ambalo limeacha nafasi ya takriban futi 19 na nusu juu ya maji, kama mita 5.9. Hakuna njia ya kulikwepa. Chombo chochote kitakachozunguka lazima kipite chini yake, na wenye mashua za matanga hulazimika kulaza milingoti. Wanaotaka kupita katikati ya maghorofa ya jiji la Chicago wanahitaji kuwa chini zaidi, takriban futi 17. Wengine huzungukia upande wa Calumet, njia ya maji iliyo kusini mwa jiji. Chini ya maji, chombo kisizame zaidi ya futi 5.

Ndani ya mipaka hiyo uchaguzi ni mpana. Kwa familia yenye watoto, maoni yetu ni kwamba boti ya injini ya mwendo wa pole, yenye urefu wa futi 34 hadi 40 na njia pana za kupita ubavuni, inafaa kuliko boti ya fahari yenye injini mbili kubwa na mahali pembamba pa kukanyaga. Mtoto aliyeshika kamba anahitaji pa kusimama. Chombo kikuukuu kilichotunzwa vizuri kinatosha, mradi kikaguliwe kwanza na mkaguzi asiyelipwa na muuzaji.

Tuna karatasi tofauti ndani ya familia moja. Tunaweza kupita Kanada?

Swali hili huulizwa na jamaa zetu kuliko na Wamarekani, nasi tunalijibu kwa urefu kwa sababu linaamua hata boti ya kununua. Mwenye pasi ya Marekani haoni shida. Mkazi wa kudumu wa Marekani mwenye pasi ya Kenya au ya Tanzania anaweza kuingia Kanada bila viza, lakini tangu Aprili 2022 hutakiwa kuonyesha pasi hai ya nchi yake pamoja na kadi hai ya ukazi. Kadi peke yake haitoshi. Aliyeko Marekani kwa viza ya kazi au ya masomo anahitaji viza ya Kanada. Aliye na maombi ya hifadhi yanayosubiri uamuzi asivuke mpaka hata kwa saa moja kabla ya kuzungumza na mwanasheria wake, maana kutoka nchini kunaweza kuliharibu shauri lote.

Mnapofika upande wa Kanada, nahodha hupiga simu kwa maafisa wa mpaka, na wengine wote hubaki chomboni mpaka ruhusa itolewe. Mnaporudi Marekani, taarifa hutolewa mara nyingi kwa programu ya simu iitwayo CBP ROAM, na boti yenye urefu wa futi 30 au zaidi hulipiwa ada ya mwaka ya forodha na kubandikwa stika.

Familia isiyoweza kupita Kanada haijafungiwa mlango. Badala ya kukunja kaskazini kuelekea Oswego na Ziwa Ontario, hufuata Mfereji wa Erie hadi mwisho wake wa magharibi, ikatokea Ziwa Erie na kuendelea upande wa Marekani hadi Ziwa Huron na Ziwa Michigan. Bei ya uamuzi huo hulipwa kwa kimo: madaraja ya sehemu ya magharibi ya mfereji huo yameacha takriban futi 15 na nusu tu. Kwa hiyo tunasisitiza kwamba karatasi za kila mmoja zikaguliwe mezani kwanza, na boti itafutwe baadaye.

Malango ya maji hufanyaje kazi, na je, ni ya hatari?

Lango la maji ni chumba kirefu cha zege chenye milango mikubwa kila upande. Chombo huingia, mlango hufungwa nyuma yake, maji hujazwa au kupunguzwa mpaka yalingane na ya upande wa pili, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Pale Waterford, New York, Mfereji wa Erie unapoanza kuachana na Hudson, malango matano yamefuatana katika mwendo wa takriban maili moja na nusu na kukipandisha chombo kama futi 169, na hapo ndipo familia nyingi hujifunza kazi hii kwa haraka.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Mmoja huketi usukanini, mmoja husimama omo, yaani mbele, na mwingine shetri, yaani nyuma, kila mmoja akiwa na glavu, kwa sababu kamba zinazoning'inia ukutani zimejaa utelezi wa kijani na matope ya msimu mzima. Maji yanapopanda, kamba hulegea nawe huivuta taratibu, yanaposhuka, huiachia. Kamba isifungwe kamwe kwa fundo mkishuka, maana maji yataondoka na boti itabaki imening'inia ubavuni mwa ukuta. Weka kisu karibu. Mikono na miguu isitumike kuisukuma boti mbali na zege hata kidogo, na hili huwa gumu kulitii kwa sababu mwili hukimbilia kufanya hivyo wenyewe. Kwenye malango marefu ya Tennessee-Tombigbee, hasa lile la Jamie Whitten linaloshusha chombo futi 84, kamba huzungushwa kwenye nguzo zinazoelea ndani ya ukuta, nazo hulia kama ngamia anayepakiwa mzigo. Watoto wadogo waambiwe mapema kuhusu sauti hiyo.

Kanada inastahili sifa ya peke yake. Trent-Severn ina urefu wa kilomita 386, na baadhi ya malango yake bado huzungushwa kwa nguvu za mikono na wafanyakazi ambao wengi wao ni wanafunzi. Injini huzimwa ndani ya lango, na kimya kinachofuata huwapa watoto nafasi ya kuuliza maswali. Pale Peterborough kuna lango la aina nyingine, lililofunguliwa mwaka 1904: mabeseni mawili makubwa yamewekwa sambamba, moja juu na moja chini, na lile la juu huongezewa maji ya kina cha kama sentimita 30. Uzito huo wa ziada hulishusha, nalo likishuka hulisukuma lenzake juu, karibu mita 20, pamoja na boti zote zilizomo. Mbele zaidi, pale Big Chute, boti hubebwa na behewa linalotambaa kwenye reli na kuvushwa juu ya nchi kavu. Mtoto aliyeyaona hayo mawili hahitaji tena kufundishwa kanuni ya mizani kwa picha.

Na matishari ya Mississippi?

Hayo ndiyo ya kuheshimu. Tagi moja huweza kusukuma matishari kumi na tano yaliyofungwa pamoja, na msafara wa namna hiyo hauwezi kusimama ghafla wala kukukwepa. Redio ya VHF iwe wazi kwenye chaneli 16 na 13 wakati wote, na kabla ya kona yoyote umwite nahodha wa tagi umuulize upande anaotaka umpite. Atakujibu kwa mlio mmoja au miwili, na familia nzima ijue tafsiri yake kabla ya kutoka Chicago. Malangoni vyombo vya biashara hutangulia, hivyo kusubiri saa nne ni jambo la kawaida.

Mto huo pia hubeba magogo, mengine yakiwa yamezama nusu; hatukusafiri usiku mtoni, wala hatumshauri yeyote afanye hivyo. Jambo la mafuta nalo lihesabiwe vizuri: kutoka Alton, Illinois, hadi Paducah, Kentucky, ni takriban maili 250, na kituo cha mafuta cha Kimmswick ambacho vitabu vya zamani hukitaja kimeshafungwa. Sehemu ya mwisho ya kipande hicho ni kupanda Mto Ohio dhidi ya mkondo, kwa hiyo akiba iwe kubwa kuliko hesabu ya karatasini.

Ziwa Michigan likilinganishwa na Ziwa Viktoria likoje?

Kwa eneo, Viktoria ni kubwa zaidi: takriban kilomita za mraba 68,800 dhidi ya 58,000 za Michigan. Kwa kina hakuna mfano, kwani Michigan hufika mita 281 na Viktoria kama mita 80 tu. Aliyekulia Mwanza au Kisumu atayatambua mawimbi yake, yaani mafupi, yaliyosimama na yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Atakachoshangaa ni ubaridi wa maji, hata mwezi Juni, ambao humlegeza mwogeleaji hodari kwa dakika chache. Bandari za upande wa Michigan ziko karibu karibu, na njia salama ni kusafiri asubuhi na mapema na kuingia bandarini kabla ya upepo wa mchana.

Watoto watakuwa salama?

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamtaka mtoto aliye chini ya miaka 13 avae jaketi la kuokolea maisha chombo kinapokwenda, isipokuwa akiwa ndani ya chumba kilichofungwa au chini ya sitaha. Sheria ya chomboni mwetu ilikuwa kali zaidi: nje ni jaketi, hata nanga ikiwa imeshatiwa, na watu wazima wakiwemo.

Hatari mbili hazizungumzwi vya kutosha. Ya kwanza ni moshi wa injini na wa jenereta, ambao hubeba hewa ya sumu isiyo na harufu na hukusanyika nyuma ya boti, mahali ambapo watoto hupenda kukaa wakining'iniza miguu. Vifaa vya kugundua hewa hiyo viwekwe kila chumba cha kulala. Ya pili ni kuogelea gatini. Boti nyingi zilizofungwa gatini zimeunganishwa na umeme wa nchi kavu, na waya mmoja mbovu huweza kuvujisha umeme majini. Katika maji ya chumvi umeme huo hutawanyika, lakini katika maji matamu ya mito na maziwa, mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko maji yanayouzunguka, misuli hukakamaa, na mtu huzama bila hata kupiga kelele. Kwa hiyo kwenye gati lenye umeme hakuna kuogelea, hata mtoto wa jirani akiwa tayari majini.

Kadhalika, karibu na Romeoville, kusini-magharibi mwa Chicago, Marekani imetandaza uzio wa umeme ndani ya mfereji ili kuwazuia samaki wa Asia waitwao carp wasi­fike Maziwa Makuu. Wote huingia ndani mpaka sehemu hiyo ipitwe.

Na shule?

Kila jimbo lina kanuni zake za kumsomesha mtoto nyumbani, na kanuni zinazowahusu ni za jimbo mnaloishi kisheria, si za kila jimbo mnalopita. Asubuhi ya masomo na mchana wa safari haikuwezekana kwetu, kwa kuwa upepo hutaka kinyume chake. Masomo yalihamia mchana na siku za mvua.

Gharama ni kiasi gani?

Chukua boti inayokwenda maili 8 kwa saa: maili 6,000 ni saa 750 za injini, na ikitumia galoni 2.5 kwa saa, jumla ni chini kidogo ya galoni 1,900 za dizeli. Ukiongeza mwendo, matumizi hupanda kupita kiasi. Kulala kwenye marina hutozwa kwa urefu wa chombo, mara nyingi dola 2 hadi 3 kwa futi, hivyo boti ya futi 36 inaweza kulipa zaidi ya dola 100 kwa usiku mmoja. Anayejua kutia nanga vizuri huokoa fedha nyingi kuliko anayejua kubana chakula. Miji mingi ya Mfereji wa Erie, isitoshe, huruhusu boti zifungwe kwenye kuta zake bure au kwa ada ndogo. Tengeni pia fungu la matengenezo, kwa kuwa rafadha moja ikigonga gogo inaweza kumeza bajeti ya mwezi.

Chakula, maji na choo?

Sembe, mchele na maharagwe hukaa vizuri chomboni, na sufuria ya presha huokoa gesi. Nunueni kwa wingi mkiwa mijini, maana kati ya Demopolis na Mobile, takriban maili 216, ni misitu na fukwe za mchanga tu. Maji ya choo huhifadhiwa kwenye tangi na kunyonywa bandarini. Ni marufuku kuyamwaga mifereji ya Kanada na Maziwa Makuu.

Kuna historia yoyote ya watu wetu njiani?

Ipo nyingi, na ni vizuri watoto waikute ikiwa bado ardhini kabla ya kuisoma. Mfereji wa Dismal Swamp, kati ya Virginia na North Carolina, ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na kufunguliwa mwaka 1805, na waliouchimba, wakiwa wamezama kwenye matope, ni Waafrika waliokuwa watumwa. Kinamasi hichohicho kilikuwa makao ya watoro walioishi humo vizazi kwa vizazi. Ukipita leo, maji ni meusi kama chai iliyokolea, na matawi yamekutana juu ya mfereji.

Chicago, gati lililo karibu na lango la kuingilia mtoni linaitwa DuSable, kwa heshima ya Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa makazi ya kudumu mahali pale. Na mwishoni mwa mito, mkikaribia Mobile, mnapita maji ambayo Clotilda, meli ya mwisho inayojulikana kuleta watumwa Marekani kutoka Afrika, iliingizwa kwa siri mwaka 1860 na kuchomwa moto ili kuficha ushahidi. Mabaki yake yalithibitishwa mwaka 2019. Waliokombolewa walijenga kijiji chao, Africatown, na wazao wao wangali wanaishi huko. Sisi tulifunga boti mjini tukaenda kwa gari, na kama mna siku moja tu ya ziada katika safari yote, tunashauri muitumie hapo.

Ni lazima tumalize kwa mwaka mmoja?

La. Wapo wanaoikata vipande kwa miaka mingi, wakiiacha boti kila mara walipofikia na kurudi likizo inayofuata. Familia zenye watoto wa shule hufanya hivyo zaidi. Ikiwa boti itaachwa kaskazini wakati wa baridi, maji yote yaondolewe kwenye injini, mabomba na tangi na mahali pake pajazwe kimiminika kisichoganda, kwa kuwa maji yakiganda hupasua chuma. Kazi hiyo hufanywa na yadi kabla ya Novemba, na foleni yake huanza Septemba.

Bendera nyeupe zinazoonekana kwenye boti nyingi njiani ni za nini?

Ni za chama cha wasafiri wa mzunguko huu, America's Great Loop Cruisers' Association: nyeupe kwa aliye njiani, ya dhahabu kwa aliyefunga duara, na ya platini kwa aliyelirudia. Si lazima kujiunga. Hata hivyo, chama kina wenyeji wa kujitolea katika bandari nyingi, na mtu wa namna hiyo atakupigia simu kukuambia kwamba kina cha mlango wa bandari yake kimepungua tangu mvua ya juzi, jambo ambalo halitakuwa kwenye ramani yoyote uliyo nayo.